Aliyebisha kwa Ealasaid

Baile Àrd, Kisiwa cha Uist
Jumanne

Kaka yangu mpendwa Lachlann,

Pokea salamu nyingi za nyumbani. Natumaini wewe, wifi na watoto hamjambo huko Glasgow, na kwamba kifua chako kimepoa. Sisi tu wazima. Ng'ombe mwekundu amezaa, na viazi havikuoza sana licha ya mvua.

Wiki iliyopita alikuja bwana mmoja wa Edinburgh na mashine ya kunasa sauti, anakusanya nyimbo za zamani za kutangazwa redioni. Tukakutana kwa Fionnghal, tukamwimbia ule wa kumwomba Ealasaid afungue mlango, tunaouimba kila harusi. Akauliza asili yake. Watu wakamwambia ni kijana aliyelowa mvua, anambembeleza mchumba.

Bibi Beathag akadakia, "Kijana gani! Aliyebisha ni nyanya yangu, mtoto kamfunga kwenye shali, siku walipochomewa nyumba ili kondoo wa tajiri wapate malisho. Ealasaid alikuwa jirani yake, na hakufungua. Mtoto akafa kwa baridi. Nyanya ndiye aliyeutunga wimbo."

Bwana yule akanigeukia mimi, maana alikwisha kuambiwa kuwa Ealasaid ni nyanya yake mama yetu, akaniuliza kama ni kweli.

Nikacheka, kaka. Nikasema, "Bibi wa watu kazeeka, msimsikilize. Ni wimbo wa mapenzi tu." Wote wakacheka nami. Beathag akachukua fimbo yake akaondoka.

Lakini ni kweli, Lachlann. Mama aliniambia alipokuwa mgonjwa. Watu wa mwenye ardhi walitangaza kwamba atakayewahifadhi waliofukuzwa naye atachomewa. Ealasaid alikuwa na wanawe ndani. Alikaa nyuma ya mlango akisikiliza mpaka sauti ikakoma.

Jana nilikwenda kumwomba Beathag radhi. Hakunikaribisha kiti. Akasema, "Mimi hukunidanganya, nilikuwa najua. Uliyemdanganya yuko hotelini. Nenda kamwambie yeye, na aiwashe hiyo mashine yake."

Bwana huyo anaondoka kesho kwa meli. Nitamwahi asubuhi, nitaje jina la Ealasaid na alichofanya. Sikuombi ruhusa, ingawa ni damu yako pia. Nimetaka tu uyasikie kwangu kabla ya redio.

Nibusie watoto, na wifi mwambie soksi za sufu zinakuja.

Mdogo wako akupendaye,
Murdina