Sugu za Vidole vya Fidelis

Bendi ya Dar inamtaka Fidelis wetu apige gitaa la solo! Skola mdogo wangu, Tumsifu Yesu Kristo, na watoto wote marahaba. Hawa watu wa bluzi na roki wamezunguka nchi nzima, hawajaona mkono kama wa mwanangu, aliyeanza kwenye kwaya ya kigango chetu. Watampima jukwaani hapa Songea. Akipiga vizuri, wanaondoka naye.

Sasa mimi nimeharibu. Jana karudi mazoezini amechoka na baridi hii ya Ruhuwiko. Nikamloweka mikono kwenye maji ya moto, akasinzia. Naangalia, ncha za vidole zina sugu! Mtoto hachumi tumbaku, sugu za nini? Nikazisugua na jiwe la kusugulia miguu, nikampaka mafuta ya mgando, zikawa laini kama za kichanga.

Kaamka, kashika kichwa. "Mama! Sugu ndizo zinazobonyeza nyuzi!"

"Si ungesema, baba?"

"Ningesema nimelala?"

Tangu asubuhi namsikia chumbani anapiga, anasita, anapuliza vidole, anapiga tena. Lakini ule wimbo wake wa huzuni leo unalia kweli, Skola. Mwenye nyumba kaacha kufua, anasikiliza. Sijui ni ufundi au ni maumivu.

Kadi hii inakuja na gari la kesho asubuhi. Nakupenda, mdogo wangu. Shika rozari, kusanya ukoo mzima, mje na vigelegele mjaze uwanja. Onyesho ni Jumamosi.