Hayo Mate Si Yako, Dada

4 Februari

Dada yangu mpendwa,

Hujambo huko, na karakana inaendaje? Magoti bado yanakusumbua? Mimi nipo, maabara tu ndiyo inanimeza.

Juzi ulinikatia simu, kwa hiyo naandika. Barua huwezi kuikatia.

Sikiliza. Neva hazigusani. Kati ya moja na nyingine kuna mwanya, na ujumbe huvuka kwa kemikali iliyofungwa ndani ya vifuko vidogo mno. Ili kifuko kifunguke, kuna protini inayokivuta mpaka ukingoni. Protini hiyo ikifanya kazi sana hujikunja vibaya, na protini nyingine, ambayo sisi huiita mlezi, huinyoosha irudi kazini. Protini mlezi ya baba ilikuwa na kasoro tangu kuzaliwa. Ndiyo maana alikuwa fundi umeme mzima kabisa, kisha bisibisi zikaanza kumponyoka, kikaja kifafa, mwisho akatusahau. Neva zake zilichakaa kwa kazi. Kila mtoto wake ana nafasi nusu kwa nusu ya kuirithi kasoro hiyo.

Nimekutumia kichupa. Tema mate, funga, rudisha. Tafadhali.

Mdogo wako


20 Februari

Mdogo wangu,

Magoti ni yale yale, ahsante kwa kuyaulizia kabla ya kuomba.

Mlezi! Baba alipougua, mlezi alikuwa nani? Nani alimlisha kwa kijiko, nani alifua shuka? Wewe ulikuwa unalea panya wa maabara. Basi usinifundishe ulezi.

Nina swali moja tu. Nikikutwa nayo, dawa ipo? Kama haipo, unanipa nini zaidi ya kukosa usingizi? Mimi nachomelea vyuma, bwana. Nitakuwa nautazama mkono badala ya kazi, na siku hiyo ndiyo nitajiunguza.

Lakini najua ulivyo king'ang'anizi. Kichupa hicho, kimejaa. Tuishie hapo.

Dada yako


15 Machi

Dada,

Nakusalimu, kama bado tunasalimiana.

Nimepima. Majibu yanasema wewe ni mwanamume, na hatuna undugu hata wa mbali. Hayo mate si yako, dada! Ni ya nani? Mkuu wangu alicheka mpaka akakohoa. Mimi sikucheka. Haki ya Mungu umenichosha.

Dawa haipo, sitakudanganya. Panya wetu wasio na protini mlezi huzaliwa wazima, hukimbia kama wenzao, halafu huanza kuyumba. Kila tunachowapa huwasogeza mbele kidogo tu, kisha wanakufa vile vile. Wiki hii tumepoteza kundi zima, kazi ya mwaka mzima. Nilikaa stoo nikapiga teke ndoo.

Hata hivyo, majibu yako lazima niyajue.

Mdogo wako


2 Aprili

Mdogo wangu,

Pole kwa panya. Pole na kwa ndoo.

Mate ni ya fundi mwenzangu wa meza ya pili. Alikuwa na mafua, msishangae.

Sasa unaniambia lazima. Lazima kwa nani? Barua zako zote ni dada, dada, dada. Baba alizaa wawili. Wewe umepima? Nijibu hilo, mengine yaache.

Dada yako


11 Mei

Mdogo wangu,

U mzima? Huandiki, simu hupokei. Wewe uliyekuwa unanikera kila wiki!

Nimeanza kuelewa, na sitaki kuelewa. Andika.

Dada yako


30 Mei

Dada yangu,

Naomba usome ukiwa umekaa.

Ninayo. Nimejua tangu mwaka juzi, baba akiwa bado hai. Ulikuwa na mgonjwa mmoja mikononi, ningekuongezea wa pili? Mpaka sasa sina dalili. Juzi nilidondosha sampuli, nikailaumu glavu.

Mate yako hayakuwa ya utafiti. Nilitaka nisikie kwamba wewe huna. Basi, hilo tu. Nilitaka mmoja wetu awe amenusurika.

Nisamehe kwa kukusumbua.

Mdogo wako


6 Juni

Wewe,

Leo salamu sina. Mjinga mkubwa wee! Miaka miwili umebeba jambo hili peke yako, na mimi nakutumia mafua ya watu! Nimelia katikati ya karakana. Wenzangu wamedhani ni moshi.

Kupima sipimi, usiniombe tena. Nikikutwa nayo, wewe hutalala. Nikikutwa sina, mimi ndiye sitalala.

Nimeomba ruhusa kazini, nafika Jumamosi. Habari za panya sitaki kuzisikia, wala usijitie kunichekesha. Nimechoka kuwauguza watu wangu wakati wameshanisahau. Safari hii nakuja mapema, ungali unanijua.

Dada yako