Mabati ya Debe

Baba Amina,

Hata salamu naona haya kukuletea. Eda nimetoka. Nimeoga, nimevaa leso ya rangi, na badala ya kuja kaburini kwako nikaenda kwenye banda la kuku. Ngoja nikueleze.

Gari lako limekufa injini. Ndiyo, lile lile la injini nyuma, lisilo na rejeta, ulilokuwa ukisema linatufaa maskini kwa sababu linapozwa na upepo wa bure. Ulipotutoka, mdogo wako Buya alilishika ili mimi na watoto tule: abiria na kambare, kutoka pantoni mpaka Minjila. Lakini kwenye tope lilikuwa likilia mpaka unalionea huruma. Buya akasema ataliongeza nguvu. Gari jipya hatuna uwezo nalo, kwa hiyo akatafuta Malindi pistoni pana na silinda zake, za gari lililopinduka, akaja nazo anacheka peke yake kama bwana harusi. Kazi akaifanyia hapa uani. Mimi niko ndani na eda yangu, nasikia kila spana.

Halafu nikasikia bati likianguka chini, na nikalijua kwa mlio. Ni mojawapo ya yale tuliyokata mimi na wewe kutoka kwa debe la mafuta ya taa, ya kuzungushia silinda, ya kwanza yalipoliwa na kutu. Wewe ulishika, mimi nilikata kwa mkasi wangu wa kushonea. Ulikuwa ukiniambia, "Mama Amina, upepo wa feni ni ng'ombe wa Waorma huu, usipozibiwa utapita pembeni." Ukacheka, na mkasi ukawa umeharibika.

Buya akaja mlangoni. "Shemeji, haya mabati ni ya nini? Si yanaibana injini tu? Na joto hili, si bora ipumue?"

Chumba kimejaa wanawake. Mama yako ameketi karibu na miguu yangu. Nikawaza watakavyosema: mjane wa juzi, kumbe alikuwa akilala na mumewe chini ya gari, mafuta mpaka viwikoni. Nikajibu, "Mimi nitajuaje? Hayo si mambo ya wanaume?"

Aa, Baba Amina! Nilikukana. Alasiri zetu zote zile kwenye jamvi, na furaha niliyokuwa nayo, nilizikana kwa kuogopa macho ya watu. Buya akayachukua mabati akaezekea banda la kuku.

Gari likatoka na nguvu kweli, watu pantoni wakapiga vigelegele. Haikuchukua muda. Njia ya Minjila, jua la mchana, pistoni moja ikashika ndani ya silinda kwa joto, injini ikazima inanuka. Likarudi nyumbani likivutwa na ng'ombe. Buya hali vizuri. Anajilaumu, akinipita anainamisha macho, na mimi namwacha aone ni kosa lake. Hapo ndipo ninapojichukia.

Leo baada ya Alasiri anakuja mnunuzi wa vyuma kulichukua. Likienda, sijui watoto watakula nini.

Lakini pistoni zako na silinda zako za zamani ninazo, niliziweka kwenye gunia chini ya kitanda. Zitakwenda polepole, ila zitakwenda, mabati yakirudi mahali pake. Nimeshayang'oa bandani, nimeyasugua kwa jivu. Yako mapajani mwangu ninavyokuandikia kwa hizi herufi zangu za Kiarabu za chuoni.

Pumzika, mume wangu. Mungu akupe nafasi kaburini, na unisamehe. Nakuahidi, Buya akiniuliza nani aliyakata, nitasema ni mimi, tena kwa sauti, mama yako asikie na wifi zangu wote wasikie.

Namsikia Buya anakohoa uani, na mnunuzi anabisha hodi. Natoka. Mkasi ninao.

Mama Amina