Nahodha Hatoki Uwanjani

Jumapili, 5 Novemba 1899

Chuo cha Hebbard 22, wageni 0. Mechi ya saba, ushindi wa saba. Hakuna chuo chochote Ohio kilichotufunga hata alama moja msimu huu. Niliandika maneno mia sita. Pruitt, mhariri wangu, akaongeza mia ya kutia chumvi. Shauri yake.

Asubuhi Emrys Prosser amebisha mlango. Ni mtoto pekee wa mama mwenye nyumba ninayopanga. Miaka ishirini na mmoja, nahodha wa timu. Nywele zimefika mabegani. Wachezaji wote hawajanyoa tangu Juni, ndiyo kofia yao ya pekee ya kukinga kichwa. Akauliza kama ninayo nakala ya ripoti. Gazeti kesho, nikamwambia. Akafunga mlango nyuma yake.

"Nisomee basi, Bwana Ketcham. Kipindi cha pili nilifanya nini?"

Nilidhani anatafuta sifa. Nikasoma. Alisikiliza kama anayesikia habari za jirani. Nilipofika pale alipokimbia yadi arobaini na mpira kifuani, akacheka.

"Mimi? Kweli?"

Hakumbuki kitu tangu goti la mtu lilipompata kichwani. Nikamuuliza kwa nini asiwaulize wenzake. "Wale watanipamba. Wewe unaandika kilichotokea."

Jumatano, 8 Novemba

Kifungua kinywa. Emrys amemuuliza mama yake Jumamosi wanacheza na nani. Akajibiwa. Kahawa haijaisha, akauliza tena. Kisha tena.

Mama Prosser amenitazama juu ya birika.

Nimewahi kuhesabu maiti thelathini na moja mdomoni mwa mgodi – mumewe alikuwa mmoja wao – na hesabu yangu ilikuwa sahihi kuliko ya kampuni. Leo nimemwaga kahawa kwenye kitambaa cha meza.

Jumapili, 12 Novemba

11–0. Nane.

Nahodha ndiye anayetaja namba za siri kabla ya kila mchezo, wenzake wajue mpira unaelekea wapi. Jana alitaja namba za mwaka jana. Watu wa timu moja wakagongana! Otto Krebs, yule jitu anayecheza katikati, alicheka: "Nahodha anatupima akili, jamani." Baadaye nilimkuta Emrys nyuma ya uzio, anatapika. Krebs alikuwa amemshika nywele zisichafuke. Hakuwa anacheka.

"Hili usiliandike, mzee," Krebs akanisihi.

Sikuliandika.

Jumatatu, 13 Novemba

Nimempeleka kwa Daktari Ames. Mboni moja ya jicho kubwa kuliko nyingine. Ames si mtu wa maneno mengi: pigo moja zuri tena, na mama yako atakuzika. Emrys akaitikia kwa adabu. Ndiyo, daktari. Asante, daktari.

Tulipofika barabarani: "Amesemaje?"

Nikarudia neno kwa neno. Akaahidi kuacha. Aliahidi kwa moyo mmoja. Saa tisa alikuwa mazoezini.

Jumanne, 14 Novemba

Pruitt hataki kuichapa habari ya kuumia kwa Emrys. "Unataka watuchomee ofisi? Timu isiyofungwa, wewe unaleta habari za mboni za macho?"

Mkuu wa chuo amenikaribisha vizuri, kiti cha ngozi. Vijana hujiongoza wenyewe, anasema, ndiyo maana ya mchezo huu. Nani acheze, nani atoke – hiyo ni kazi ya nahodha. Nikamwambia mgonjwa ndiye nahodha mwenyewe. Akatabasamu. "Basi yeye ndiye atakayejua."

Mama Prosser ameficha viatu vya Emrys kwenye pipa la unga. Krebs ameleta jozi nyingine kabla ya jioni. Hakujua ni kwa nini vya kwanza havionekani. Alipoambiwa akaomba radhi, kijana wa watu, amesimama na kofia mkononi – lakini hakuondoka na viatu.

Jumapili, 19 Novemba

5–0. Tisa.

Nimemsomea. Sasa anakuja kabla sijavua koti. Safari hii hakucheka popote. Mwishoni akauliza kama baba yake alikuwa kati ya watazamaji.

Nikasema hakuwepo. Ni kweli.

Ijumaa, 24 Novemba

Kesho hakuna mechi. Wanajiandaa kwa mechi na chuo cha Wexcombe, Alhamisi ya Sikukuu ya Shukrani. Maduka yote yamening'iniza vitambaa vya rangi za chuo. Kinyozi ameweka bango: baada ya ushindi, timu nzima kunyolewa bure.

Mama Prosser amemfungia chumbani. Emrys hakupiga kelele wala hakugombana. Akaufungua mlango kwa kutoa bawaba, kwa upole kabisa, akauegemeza ukutani. "Mama, wananisubiri. Kuna watu kumi pale, bila mimi hawajui pa kwenda."

Yeye mwenyewe hajui pa kwenda! Nilimfuata. Kwenye kona ya kanisa aligeuka kushoto. Uwanja uko kulia. Krebs alikuwa pale anamngoja, akamshika mkono kama anavyoshikwa kipofu. Kumbe hufanya hivyo kila siku.

Nilimwambia Krebs: unamuua. Jicho likamjaa maji, jitu lile. "Amesema ataniua mimi nikimwachisha. Ni nahodha wangu, mzee. Nifanyeje?"

Jumanne, 28 Novemba

Vyuo viwili vimeshindwa kukubaliana juu ya mwamuzi. Kuna refa anayetazama mpira na mwamuzi anayetazama watu. Refa wameshampata. Majina sita ya waamuzi yamekataliwa. La saba langu. Wote wamekubali mara moja. Katibu wa Wexcombe anasema miaka ishirini na minne hakuna aliyemkuta Ketcham na neno lisilo la kweli.

Nilikuwa na barua ya kukataa mfukoni.

Nimekaa na kitabu cha sheria za mchezo tangu chakula cha mchana. Aliyetoka harudi. Anayemtoa mchezaji aliyeumia ni nahodha wake. Refa hana uwezo huo. Daktari hana. Mama mzazi hatajwi. Mwamuzi anaweza kumtoa mtu kwa jambo la kupiga ngumi, na hapo hata nahodha hana la kusema.

Emrys hajampiga mtu ngumi maishani mwake.

Nimechana barua. Nimekubali.

Alhamisi, 30 Novemba

Mapumziko. Dakika kumi. Kibanda cha mbao cha waamuzi, vidole vimekufa ganzi. 0–0.

Dakika sita kabla ya mapumziko alipigwa tena. Alinyanyuka, akaenda kusimama kwenye mstari wa Wexcombe, akainama pamoja nao akingoja namba. Watu elfu mbili walicheka. Krebs akaenda kumrudisha. Mchezo uliofuata – lundo la watu – nikapuliza filimbi, nikamnyooshea Emrys kidole. Ngumi. Nje.

Hakukuwa na ngumi. Nilikuwa hatua mbili kutoka pale. Niliona kila mkono.

Tope limenipata shingoni. Mwizi! Msaliti! Krebs, uso kwa uso: "Umetuuza bei gani, mzee?" Nimeyatafuta macho yake, yaelewe. Hayakuelewa, au hayakutaka. Emrys hakulalamika. Aliinua mikono yake akaitazama vifundo, kimoja kimoja.

"Nilimpiga nani?"

Yule wa Wexcombe mwenye nywele nyekundu, nikasema. Talbot. Akaenda kumwomba radhi.

Hilo sikulipigia hesabu. Sasa Talbot yuko hapa mlangoni, amemleta refa. Talbot ni mwana wa mchungaji. "Bwana, kijana huyu hakunigusa. Hatutaki kushinda hivi." Nyuma yake Krebs anapiga ukuta: "Si mmesikia! Hata wao wamesema!" Refa anasema uamuzi ni wangu peke yangu. Nikiufuta, ni kama hakutolewa: nahodha anarudi kucheza. Nikiushikilia, anataka niutamke mbele ya timu zote mbili, nikiapa kwa heshima yangu.

Emrys amewapenya akaingia.

"Mwacheni mzee wa watu. Kama yeye ameona, basi nimepiga. Talbot, unanionea huruma tu."

Ameketi benchini, bega kwa bega nami. Damu nyembamba inamtoka sikioni. Haihisi. Anaangalia ninavyoandika, na ameniuliza kwa sauti ya chini ngumi yenyewe ilikuwaje, ya kulia au ya kushoto, ili aikumbuke.

Refa ameshika saa. Dakika mbili. "Ketcham. Uliona, au hukuona?"