Wiki Sauti Iliponikauka

Kwako dada yangu mpenzi,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto, na kwamba goti lako limeacha kututabiria mvua. Sisi hatujambo. Mke wangu anakusalimu. Anasema wiki iliyopita ilikuwa ya raha kuliko zote tangu tuoane, maana sauti ilinikauka.

Jumatatu nilifungua kinywa karakanani, kikatoka kitu kama bawaba isiyotiwa mafuta. Na wiki hiyohiyo mkuu wa chuo alikuwa aje kukagua somo langu, aamue kama naajiriwa moja kwa moja au nafungasha virago. Unaijua imani yangu ya ualimu: mkufunzi ni birika, wanafunzi ni vikombe. Mimi humimina hadi visahani vijae.

Nikaandika ubaoni kwamba injini iliyo mezani haiwaki, waniambie kwa nini. Nikakaa. Siku ya kwanza walinitazama mimi badala ya injini. Siku ya pili wakaanza kubishana.

Alhamisi mkuu akaingia, akasimama nyuma. Kijana tunayemwita Haraka alikuwa ameshalegeza nusu ya boliti. Binti mmoja wa pembeni, ambaye tangu muhula uanze sikuwahi kumsikia (angepata pengo gani la kusema, nami naongea mfululizo?), akamwambia, "Kaka, unaifungua kama zawadi. Kwanza mafuta yanafika?"

Wakafuata bomba hadi kwenye chujio, wakalikuta limeziba kwa uchafu. Walipoweka jipya, injini ikanguruma. Wao wakapiga makofi, mimi nikapiga meza. Mkuu akasema hajaona mkufunzi mwenye subira kama mimi. Kazi nimepata, dada.

Sasa hili libaki kati yetu. Sauti ilirudi Jumatano jioni, nikiwa bafuni peke yangu. Hata mke wangu hakujua, na usimwambie. Alhamisi yote jibu lilikuwa kwenye ncha ya ulimi, nikaung'ata. Sijafanya kazi ngumu kama ile. Imani yangu mpya ndiyo hiyo: uliza vizuri, kisha ung'ate ulimi.

Tatizo ni moja. Mkuu ameniomba niwahutubie wakufunzi wenzangu, saa nzima, kuhusu kunyamaza. Niombee koo likauke tena.

Nibusie watoto, na shemeji mwambie namkumbuka.

Mdogo wako, uliyembandika mwenyewe jina la
Cherehani