Maji ya Celina

Sacramento, 2 Machi 1983

Baba mpendwa,
Hamjambo huko? Mama je, na Celina wangu? Mimi mzima, ila kumwacha mtoto wa miezi miwili kunaniuma. Simu zenu bado zimekatika, basi naandika. Baada ya masika mawili ya mvua za ajabu, ofisi yetu ya maji inataka kujua maji yamezama ardhini kiasi gani. Nipimie kisima chetu: paka utepe wa chuma chaki, uteremshe, usome chaki ilipolowa. Nitumie na chupa ya maji yake. Mwambie Mama achemshe sana maji ya kukorogea maziwa ya unga ya Celina, mafuriko yameleta uchafu.
Bintiyo, Odília

Tipton, 12 Machi

Odília binti yangu,
Sisi wazima, sijui wewe. Maji yamepanda futi kumi na tisa. Nilidhani utepe unanidanganya, nikapima mara tatu. Chupa hii hapa, na mkate mtamu wa Mama yako. Anachemsha mpaka sufuria inabaki nusu, unamjua ukimwagiza jambo. Celina analala mno siku hizi, na midomo yake ina rangi ya zabibu nyeusi. Mama anasema ni baridi, amemfumia soksi.
Baba yako

Sacramento, 18 Machi

Baba,
Nisamehe, leo sina salamu. Nimepima maji ya chupa yako, na naogopa. Maji yaliyopanda yamekutana na samadi ya miaka thelathini chini ya zizi letu, na chumvi yake isiyo na ladha, nitrati, imo kisimani. Mtu mzima haimdhuru upesi, lakini mtoto mchanga inamnyima hewa kwenye damu. Kuchemsha hakuiondoi. Maji hupungua, chumvi hubaki. Mimi ndiye niliyesema achemshe. Msimpe hata tone, mpelekeni hospitali leo hii. Simu bado zimekatika na barabara imefungwa, lakini nakuja.
Odília

Tulare, hospitalini, 22 Machi

Binti yangu,
Barua yako nimeletewa hapa leo. Celina tulimleta Jumapili kwa trekta, kwa sababu aliacha kulia. Sijawahi kuogopa hivyo. Daktari alimchoma dawa ya buluu, na baada ya muda midomo ikarudi rangi yake. Atapona.
Mama yako ananiuliza kila saa, "Belmiro, nilikosea wapi? Nilichemsha alivyosema, hata na zaidi." Barua yako iko mfukoni mwangu, sijamsomea. Ukifika, kabla hujamshika mtoto, mshike yeye, umwambie kwa mdomo wako kwamba kosa si lake.
Baba yako