Chatu Asiye na Macho

Mama Shija,

Nina miaka themanini na moja. Nimezipita njaa mbili, nimewazika kaka zangu wote, ng'ombe wa baba wameisha nikiwaona. Kukupita wewe, nikuzike, sikutegemea. Shule sina, lakini nionyeshe mzee mwingine Nyarugusu hii anayeandika barua bila kushikwa mkono. Hayupo. Ni mimi.

Nikupe habari za nyumba yako. Kila masika yakiisha ulikuwa unakanda udongo na samadi, unapaka kuta upya, halafu unachora pori zima humu ndani: kanga, nyasi, mbayuwayu, na chatu juu ya mlango. Macho hukumpa. Ulisema akipata macho ataiona njia ya kuingia. Nilikuwa nacheka.

Sasa kanga wa kilimani hakuna. Miti imekatwa ikashikilie maduara, mashimo ya wachimbaji wa dhahabu. Mbayuwayu waliokuwa wanajenga kwenye kenchi za paa letu, mwaka huu hawakuja. Waliobaki ni wa ukutani.

Ufa ulianzia puani pa chatu. Nikaziba kwa udongo wa kichuguu, ukarudi. Nikaziba tena. Basi nikachukua masizi na unyoya wa kuku, nikaufanya ufa kuwa chatu. Ukisogea, nafuta kichwa, nakichora mbele. Unakumbuka ulivyonicheka? "Baba Shija, mkono huo wa jembe utachora chatu au mlenda?" Ungemwona sasa! Anampita wa kwako kwa mbali, na magamba nimempa. Amezunguka dirisha, amepita chini ya rozari yako, amefika kitandani. Upande wako.

Mchana nikilaza sikio sakafuni nasikia nyundo. Wako chini yetu, wanafuata jiwe lao. Juzi sisimizi walibeba mayai yao kutoka chini ya mtungi wako, wakatoka mlangoni mchana kweupe, wasirudi.

Shija alikuja toka kwake Kalangalala kunichukua. "Baba, hata sisimizi wameelewa!" Nikamwambia sisimizi hawakuoa katika nyumba hii. Na mimi sihamishwi na mtu ninayemsikia bila kumwona. Akaondoka analia, mwanaume mzima.

Leo asubuhi, mama, pale ufa unapoishia, usawa wa mto wako wa kulalia, udongo umedondoka sehemu mbili. Matundu mawili. Yanatoa hewa ya baridi yenye harufu ya baruti.

Macho hayo sikuyachora mimi.

Basi pumzika, mke wangu. Nakuahidi, rangi ya dukani haitagusa kazi yako, na kitanda sikisogezi. Nitalala upande wako, yeye anitazame mimi.

Wakikubishia huko kwamba mzee wako anatunga, Shija ameuona ufa. Katekista alikuja kubariki, akalaza sikio sakafuni, akainuka akaenda zake sala haijaisha. Na wapo hawa wa chini. Majina yao siyajui, ila kila siku wananisogelea.

Mume wako,
Baba Shija